Asbesto imekuharibu mapafu kazini? Njia za kisheria hapa Kenya, hatua kwa hatua

Mzee wangu alitibiwa TB mara mbili. Mara ya kwanza miezi 6, mara ya pili tena, makohozi yakipimwa hayana kitu na dawa zinaendelea tu, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza mzee we ulikuwa unafanya kazi gani. Alikuwa fundi wa boila hapa Mombasa miaka 22, kazi yake ni kubandua yale manyoya meupe yanayofungwa kwenye mabomba ya mvuke kuzuia joto na kufunga mapya, vumbi linawaangukia kama unga wa ngano, wanajipangusa kwa mkono wanakula mahamri. Tulipokuja kujua ni asbesto hata kwenda msikitini alikuwa hawezi bila kupumzika njiani, na kampuni ilikuwa ishafungwa, karatasi za kazini zishatupwa. Nimehangaika na hii kitu mpaka nikaijua, na tangu hapo nawasaidia wenzake waliobaki. Ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu atuambie sisi mapema.

Hii ni ya Kenya. Tanzania wana utaratibu wao, huko kuna mfuko wa WCF ambao mwajiri anauchangia na mfuko ndio unamlipa mgonjwa, kwa hiyo ndugu zetu wa Tanga na Dar msichukue fomu ninazotaja hapa.

Usikimbilie kortini

Mtu akiumwa na kazi kitu cha kwanza anaambiwa ni tafuta wakili ishtaki kampuni. Kwa mwajiri wako mwenyewe hiyo si njia. Kuna sheria inaitwa Work Injury Benefits Act ya 2007, wengi wanaiita WIBA, na kifungu cha 16 kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri kudai fidia ya ajali au ugonjwa wa kazi nje ya sheria hiyo, lazima apite kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani DOSHS. Mawakili walipigana na hii sheria miaka mingi, High Court ikaviondoa baadhi ya vifungu 2009, Court of Appeal ikavirudisha vingi 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Supreme Court ikamaliza, WIBA inasimama. Kwa hiyo akija mtu leo akakwambia lete elfu ishirini tufungue kesi dhidi ya mwajiri, muulize umeshapeleka fomu DOSHS? Asipokuwa na jibu ondoka hapo.

Uzuri wa WIBA ni kwamba huna haja ya kuthibitisha mwajiri alikosea. Hata kama alikupa barakoa, hata kama hakujua, ukionyesha ugonjwa umetokana na kazi, fidia inakuja. Ubaya wake nitausema mbele.

Hatua ya 1: daktari, na si daktari yeyote

Asbesto haiumizi leo. Zile nyuzi ni ndogo hazionekani kwa macho, zinaingia kwenye mapafu na mwili hauwezi kuzitoa, zinakaa. Asbestosisi, ile mapafu yanakuwa magumu kama sponji iliyokauka, mara nyingi inaonekana baada ya miaka 10, 20 au zaidi. Mesotelioma, saratani ya ule utando unaozunguka mapafu au tumbo, inaweza kuchukua miaka 20 mpaka 50. Halafu kuna saratani ya mapafu yenyewe, na kuna utando kuwa mnene au maji kujaa upande mmoja. Mtu amestaafu kitambo, analima huko Kaloleni, ndipo kifua kinaanza.

Kwa hiyo ukifika hospitali usiseme tu nakohoa. Sema nilifanya kazi boila, au karakana ya reli, au injini ya meli, au kukata mabati ya asbesto, au kusaga breki za malori, kutoka mwaka huu mpaka mwaka huu, na nilikuwa navuta vumbi la asbesto. Mwambie aandike kwenye faili, na uone kwa macho yako ameandika. Hilo neno kwenye faili ndilo baadaye linakuwa ushahidi. Omba eksirei ya kifua, siti skani ya kuonyesha mapafu kwa undani maana eksirei peke yake mwanzoni huwa haionyeshi, na kile kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine. Kama wanashuku saratani basi kipande cha nyama kitolewe kipimwe, hiyo usiikatae kama daktari anasema una nguvu ya kuivumilia, na sababu nyingine ya kutoikataa nitaieleza chini kwenye mambo ya mazishi.

Kama umepewa dawa za TB na vipimo vya makohozi vimerudi safi, uliza. Uliza kwa heshima lakini uliza. TB ipo kweli kwetu na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ila kumeza dawa miezi na miezi kwa ugonjwa ambao hauna ndiko kulikompotezea mzee wangu miaka miwili ambayo saa ya sheria ilikuwa inatembea.

Ripoti ya mwisho unayotaka iseme mambo matatu: ugonjwa ni upi, umepunguza uwezo wako kwa asilimia ngapi, na kwa maoni ya daktari umetokana na kazi gani. Ripoti inayosema "ugonjwa wa mapafu" bila zaidi haikufikishi popote. Daktari wa kifua ndiye mtu wako, na DOSHS wana orodha ya madaktari waliopewa idhini ya mambo ya afya kazini, uliza pale ofisini wakuonyeshe. Na kama ulivuta sigara usifiche, waajiri wataichimbua. Sigara ikikutana na asbesto hatari ya saratani ya mapafu inapanda sana kuliko moja peke yake, lakini sigara haileti mesotelioma wala asbestosisi, na daktari anaweza kuliandika hilo wazi.

Hatua ya 2: karatasi

Hapa ndipo madai mengi yanakufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unatakiwa uthibitishe kwamba ulifanya kazi kwa huyu mwajiri, miaka hii, na hapo kulikuwa na asbesto.

Anza na NSSF. Omba taarifa ya michango yako yote, inaonyesha mwajiri gani alikukata mwaka gani, na hata kama kampuni imekufa rekodi iko kwa NSSF haijafa. Hii ndiyo iliyotuokoa sisi. Halafu zile P9 za KRA, pesilipu hata moja, barua ya kuajiriwa, cheti cha utumishi ambacho sheria ya ajira inamlazimu mwajiri akupe ukiondoka, kitambulisho cha geti, picha ya siku ya wafanyakazi mmesimama na maovaroli mbele ya boila. Kadi ya chama cha wafanyakazi pia, na ofisi za chama zina mikataba ya zamani inayotaja kazi na idara.

Kuhusu asbesto yenyewe, tafuta wenzako walio hai. Kila mmoja aandike hati ya kiapo kwa Commissioner for Oaths: tulikuwa idara gani, tulishika nini, vumbi lilikuwaje, tulipewa nini cha kujikinga. Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja, usiseme tutamfuata baada ya Ramadhani.

Kama kampuni ipo, waandikie barua kuomba faili lako la afya. Kanuni za 2005 za uchunguzi wa afya kazini zinataka mtu wa kazi za hatari apimwe akianza, akiwa kazini na akitoka, kwa hiyo ama wana rekodi zako, ama hawakukupima, na vyote viwili vinakusaidia. Wakikataa una kifungu cha 35 cha Katiba kuhusu haki ya kupata habari, na Data Protection Act ya 2019 inayokupa haki ya kuona taarifa zako mwenyewe. Taja hizo mbili ndani ya barua. Nimeona barua ya pili yenye majina ya sheria ikijibiwa kwa wiki moja wakati ile ya kwanza ya kuomba-omba ilikaa miezi.

Hatua ya 3: fomu ya DOSH/WIBA 1

Mjulishe mwajiri kwa maandishi kwamba una ugonjwa wa kazi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani. Kazi ya mwajiri ni kujaza fomu ya DOSH/WIBA 1 na kuipeleka DOSHS, sehemu moja anajaza yeye na nyingine anajaza daktari. Wengi hawaipeleki. Basi we usikae kumsubiri, nenda mwenyewe ofisi ya DOSHS ya kaunti, watu wetu wanasema ofisi ya leba manake mara nyingi wako jengo moja, ueleze mwajiri amekataa, utoe ile barua yenye muhuri na ripoti ya daktari.

Muda: sheria inazungumzia miezi 12. Wewe kwa usalama wako hesabu miezi 12 kutoka siku daktari alipotamka kwamba hiki ni ugonjwa wa kazi, halafu upeleke ndani ya wiki chache, usiguse mwisho. Na usikubali mtu akuambie umechelewa kwa sababu uliacha kazi 1998. Huo ugonjwa 1998 ulikuwa haujaonekana, utaripotije kitu ambacho hata daktari hakioni?

WIBA ina jedwali la magonjwa ya kazi pamoja na aina za kazi zinazoyaleta. Ugonjwa wako ukiwa kwenye jedwali na kazi yako ikawa ni hiyo, mzigo wako unakuwa mwepesi sana. Ugonjwa usipotajwa bado unaweza kudai, ila hapo wewe ndiye unayeonyesha kwamba ulitoka kazini.

Kama bado uko kazini na unaogopa kufukuzwa: kumlalamikia mwajiri au kumpeleka mbele ya sheria si sababu halali ya kumfuta mtu, Employment Act ya 2007 imesema hivyo. Najua sheria ni kitu kimoja na kibarua cha kesho ni kingine, kwa hiyo ikiwezekana nendeni watatu wanne pamoja, na shopstiwadi wenu awe mbele.

Hatua ya 4: pesa zinahesabiwaje

Kama ugonjwa umekufanya usiweze kazi kwa muda, unalipwa mshahara wako kwa kipindi hicho, mpaka miezi 12. Kama ni ulemavu wa kudumu hesabu inatoka kwenye mishahara ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Mfano mtu alikuwa anapata 30,000 na daktari amempa 40%. 30,000 mara 96 ni 2,880,000, chukua 40% yake unapata shilingi 1,152,000. Akifa kwa ugonjwa huo wategemezi wanadai miezi 96 yote. Gharama za matibabu ni za mwajiri, kwa hiyo weka risiti zote, hata za bodaboda ya kwenda kliniki.

Ubaya niliousema ndio huu. Hakuna malipo ya maumivu, hakuna malipo ya kwamba umeshindwa kubeba mjukuu wako. Na mwajiri akiona asilimia ndiyo inayoamua, atakupeleka kwa daktari wake apunguze, 40 igeuke 10. Ukiitwa kupimwa nenda, lakini nenda na ripoti yako mkononi na utoke na nakala ya ile yao. Kwa waliostaafu zamani mvutano mwingine ni mshahara gani utumike, manake mshahara wa 1995 leo haununui hata gunia la mchele. Hapo usijadiliane peke yako, tafuta wakili.

Mkurugenzi akimaliza anatoa fomu ya DOSH/WIBA 4 yenye kiasi, inaenda kwa mwajiri au bima yake, nao wana siku 90 kulipa. Wasipolipa unaenda kortini kutaka kile kiasi kitekelezwe, na hapa ndipo wakili ana maana. Kama hukuridhika na hesabu au madai yamekataliwa, una siku 60 za kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe kwa maandishi, yeye ana siku 14 za kukujibu, na jibu lisipokupendeza una siku 30 za kukata rufaa Employment and Labour Relations Court. Ziandike hizo tarehe ukutani. Na katikati hapo kampuni ikikuletea bahasha na karatasi ya kusema umelipwa kila kitu huna dai tena, usitie saini siku hiyohiyo, hata kama kuna ada ya shule inasubiri. Mpe mtu anayejua aisome kwanza.

Kampuni imekufa, je?

Kufa kwa kampuni si mwisho. WIBA inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi, kwa hiyo bima ya miaka ile inaweza kuwepo hata mwajiri hayupo. Nenda eCitizen, upande wa usajili wa biashara, lipia CR12 ya kampuni, inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mara nyingi unakuta jina lilibadilika tu, au ilinunuliwa, au mwenye hisa ni kampuni ya nje. Hilo jina la mwisho lishike.

Kwa nini? Kwa sababu kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri wako tu. Aliyetengeneza mabati, aliyeuza ile lagini ya mabomba, yaani yale manyoya ya kuzuia joto, kontrakta aliyevunja jengo juu ya vichwa vyenu bila kulowesha vumbi, hao unaweza kuwashtaki kwa uzembe kortini kama kawaida. Hapo utathibitisha makosa, na muda ni miaka 3, lakini Limitation of Actions Act kifungu cha 27 kinaruhusu korti kukuongezea muda kama mambo muhimu ya kesi hukuyajua. Na magonjwa ya asbesto ni mfano mzuri wa mambo ambayo mtu hangeweza kuyajua.

Kampuni mama ya nje

Hii wengi wanaiota, na imewahi kufanya kazi. Wafanyakazi na wakaazi wa migodi ya asbesto ya Afrika Kusini, zaidi ya 3,000, waliishtaki kampuni mama ya migodi hiyo, Cape plc, Uingereza kwenyewe, na mwaka 2000 House of Lords, ndiyo iliyokuwa korti ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ikakubali kesi isikizwe kule kwa sababu nyumbani wasingepata mawakili wa kuibeba. Iliisha kwa makubaliano 2003, wakati wengine walikuwa washazikwa. Mwaka 2012 mahakama ya Uingereza kwenye kesi ya Chandler ikasema Cape kama kampuni mama ilikuwa na wajibu kwa mfanyakazi wa kampuni yake ndogo aliyepata asbestosisi, na ile kampuni ndogo ilikuwa ishafutwa kabisa.

Lakini soma na hii. Wachuma chai wa Kericho walipeleka kesi ya migongo yao Scotland, manake kampuni imesajiliwa kule, na 2023 majaji wa rufaa wakasimamisha kesi wakisema madai yapite kwanza njia ya WIBA hapa Kenya. Ndio maana nasema fomu ya DOSHS usiiruke hata kama unawaza London. Na usidhani huko una muda zaidi, korti za Uingereza kwa kawaida zinatumia muda wa nchi ambako madhara yalitokea, yaani wetu.

Wakili na ada

Kenya wakili haruhusiwi kufanya mapatano ya "nikishinda unanilipa, nikishindwa hulipi", Advocates Act inayabatilisha. Anayekutajia asilimia pale geti la hospitali mara nyingi si wakili, ni broka. Hakikisha jina lake kwa Law Society of Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu, makubaliano ya ada yaandikwe. Huna pesa, nenda Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, au National Legal Aid Service iliyoundwa na sheria ya 2016. Mgonjwa akiwa hali mbaya mwambie wakili aombe korti ichukue ushahidi wake mapema, kabla kesi haijapangwa. Hilo neno ni zito kulisema mbele ya mgonjwa, litafutie wakati wake.

Mgonjwa akifariki

Kwetu Pwani maiti anazikwa siku hiyohiyo, na familia nyingi hazitaki apasuliwe. Naelewa, hata sisi hatukutaka. Ndiyo sababu nilisema kile kipande cha nyama kitolewe akiwa hai, kisha ripoti iwekwe, ili mkizika mzike kwa utulivu bila kupoteza ushahidi. Mwambie daktari sababu ya kifo aandike ugonjwa wenyewe, siyo "kushindwa kupumua" peke yake, maana cheti kikishatoka kukibadilisha ni kazi.

Madai ya WIBA yanaendelea kwa wategemezi. Kama kuna kesi dhidi ya mtu asiye mwajiri, kama yule aliyetengeneza mabati, lazima mmoja wenu apate barua za usimamizi wa mirathi, Waislamu wanaweza kwenda korti ya Kadhi, na kama muda unabana wakili anaweza kuomba zile za muda kwa ajili ya kesi tu.

Mama aliyefua ovaroli

Mwisho, wake zetu na mama zetu. Yule aliyekung'uta ovaroli nyuma ya nyumba kila Jumamosi alivuta vumbi lilelile, na kuna wanaougua mesotelioma kwa hilo tu. WIBA haimjui, yeye si mfanyakazi. Lakini kwa sababu si mfanyakazi, hata kifungu cha 16 hakimfungi: anaweza kumshtaki mwajiri wa mumewe moja kwa moja kwa uzembe, au kwenda kwa kifungu cha 42 cha Katiba kuhusu mazingira safi, pamoja na majirani wa kiwanda. Watu wa Owino Uhuru hapa Jomvu walifanya hivyo kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alianza kupiga kelele mtoto wake alipougua, 2020 korti ikawapa shilingi bilioni 1.3, Court of Appeal ikaivuruga 2023, na Desemba 2024 Supreme Court ikairudisha. Walishinda kwa vipimo vya damu na vya udongo. Kwa asbesto vipimo vyenu ni siti skani ya mama, kipande cha ile lagini au bati lililovunjika lililofungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki bila kukwanguliwa, na mtu mmoja wa karakana anayekumbuka maovaroli yalikuwa yanapelekwa nyumbani kufuliwa.